Upanga Uliopinda, Upanga Ulionyooka: Kisa cha Marufuku ya Uingereza

Tarehe 28 Januari 2000, katika mji wa Cheltenham, magharibi mwa Uingereza, mbunge Nigel Jones alikuwa ofisini kwake akisikiliza shida za wapiga kura. Mtu mmoja akamvamia kwa upanga wa mtindo wa samurai, askari wa kale wa Japani. Jones aliumizwa vibaya mikononi. Msaidizi wake, diwani Andrew Pennington, aliingia kati kumkinga, akauawa. Baadaye alitunukiwa nishani ya George, ambayo Waingereza huwapa raia waliofanya ushujaa mkubwa. Miezi miwili kabla ya hapo, kanisani Thornton Heath, kusini mwa London, mtu mwingine alikuwa amewajeruhi waumini kwa upanga wakati wa ibada.

Mtu angetarajia Bunge lifunge biashara ya panga hizo kabla machozi hayajakauka. Haikuwa hivyo. Ilipita miaka minane. Na marufuku ilipokuja, haikusema “upanga”. Ilisema upanga uliopinda.

Kisa hiki ninakipenda kama mfano wa kujifunzia kwa sababu serikali ya Uingereza imerudi mezani mara nne kupiga marufuku silaha za familia moja: 2008, 2016, 2024 na 2025. Mara zote nne iliandika sheria kwa kuchora umbo la silaha: mpindo wake, urefu wake, meno yake, ncha yake. Umbo ni kitu ambacho mfua chuma hukibadilisha kwa siku moja. Ninavyoona mimi, mlango uliokuwa wazi muda wote ni kaunta, pale silaha inapotoka mkononi mwa muuzaji na kuingia mkononi mwa mnunuzi, na mlango huo ndio uliochelewa kuliko yote kupata mlinzi.

Sheria ilivyokuwa kabla

Uingereza haikuwa nchi isiyo na sheria za silaha baridi. Tangu 1953 ni kosa kutembea hadharani na silaha ya kushambulia bila sababu ya halali. Mwaka 1959 Bunge lilizuia kutengeneza na kuuza visu vya springi, vile vinavyofyatuka kwa kubonyeza kitufe. Wakati ule hofu ilikuwa juu ya vijana wa mitaani na mitindo yao ya nywele. Mwaka 1988 ikaja sheria ya jumla inayomkataza mtu kubeba hadharani kitu chenye makali au ncha, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Sheria hiyohiyo ilimpa waziri mamlaka ya kutunga orodha ya silaha ambazo haziruhusiwi kutengenezwa, kuuzwa, kukodishwa wala kuingizwa nchini.

Orodha ya kwanza ya 1988 inachekesha kidogo ukiisoma leo. Ina nyota za kurusha, mundu wenye mnyororo, kucha za chuma za kuvaa mikononi na miguuni, bomba la kupulizia vishale, fimbo yenye upanga uliofichwa ndani. Inasomeka kama rafu ya filamu za ninja katika duka la kukodisha kanda za video. Waandishi wake walikuwa wanapambana na kile ambacho vijana wa miaka ile walikuwa wanakitazama, na upanga wa kawaida, silaha ambayo imeua watu wengi kuliko vitu vyote hivyo vikijumlishwa, haukuwemo.

Kuna jambo jingine la kushika hapa. Orodha hiyo iligusa biashara tu. Kumiliki kitu kilichomo ndani yake, ukiwa nyumbani kwako, halikuwa kosa. Hali hiyo ilidumu hadi Julai 2021, kipengele cha sheria mpya ya silaha ya 2019 kilipoanza kutumika na kuifanya hata ile iliyofungiwa kabatini kuwa kosa. Kwa miaka zaidi ya thelathini, basi, Uingereza ilikuwa na “marufuku” ambayo haikumgusa aliyekwisha kununua.

Mwaka 2008: mpindo

Wizara ya Mambo ya Ndani ilifungua maoni ya umma mwaka 2007. Mwezi Desemba waziri mdogo Vernon Coaker akatangaza kwamba panga za mtindo wa kisamurai zingeingizwa kwenye orodha. Makadirio ya wizara yalikuwa mashambulizi takriban 80 ndani ya miaka michache, na vifo visivyopungua vitano.

Waliokuwa wakilalamikiwa hawakuwa wahunzi wa Japani. Ilikuwa ni bidhaa za kupamba ukuta: seti ya panga na kigoda chake cha mbao, zimetengenezwa kiwandani, zinauzwa madukani, sokoni na mtandaoni kwa chini ya pauni 50. Chuma chake ni hafifu na mpini huenda ukachomoka, lakini kuua zinaua.

Ubishi ulikuwa mkali kuliko serikali ilivyotegemea, maana watu wenye panga halali Uingereza ni wengi na hawafanani. Wapo wakusanyaji wenye upanga wa karne ya 16 ndani ya ala ya laka, na chama chao cha tangu miaka ya 1960, Token Society of Great Britain. Wapo wanaofanya mazoezi ya iaido, sanaa ya kuchomoa upanga na kuurudisha. Wapo wanaoigiza vita vya Napoleon viwanjani wakiwa juu ya farasi, na upanga wa askari farasi wa enzi hizo umepinda. Wapo Masingasinga, ambao kwao silaha ni sehemu ya dini.

Amri iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2008 huko England na Wales ilikataza upanga wenye bapa lililopinda, lenye urefu wa sentimita 50 au zaidi, ukipimwa kwa mstari mnyoofu kutoka juu ya mpini hadi ncha. Kisha zikafuata kinga: upanga uliotengenezwa Japani kabla ya 1954, au uliofuliwa Japani kwa njia za jadi wakati wowote. Watu wa maigizo ya historia na wa michezo nao walipewa njia ya kujitetea, ilimradi wawe na bima. Vitu vyenye zaidi ya miaka 100 vilikwisha kuwa na kinga yao tangu orodha ya 1988.

Miezi minne tu baadaye amri ilirekebishwa. Neno Japani likaondolewa: kuanzia Agosti 2008 ilitosha upanga uwe umetengenezwa kabla ya 1954, au wakati wowote kwa njia za jadi za kutengeneza panga kwa mkono. Kwa haki ya kawaida marekebisho haya yalikuwa sahihi. Kwa nini mhunzi wa Japani alindwe na mhunzi wa Wales aachwe? Lakini hapo ndipo tundu lilipotobolewa.

Katika mkoa wa Zhejiang nchini China kuna mji uitwao Longquan, ambako panga zimefuliwa tangu enzi za kale na ambako leo karakana zinafua kwa ajili ya soko la dunia. Kazi nyingi pale hufanywa kwa nyundo na mikono. Upanga kutoka huko ungeweza kufika kwa mnunuzi wa Uingereza kwa bei ya pauni mia moja na ushee, ukiwa na maelezo kwamba umefuliwa kwa mkono kwa njia ya jadi na kwa hiyo ni halali. Na mara nyingi ni kweli. Hivyo sheria iliyotungwa kumnyima mtu upanga dhaifu wa pauni 40 ikamfungulia njia ya kununua upanga imara, mkali zaidi, kwa kuongeza pesa kidogo.

Wakusanyaji walikuwa wamesema hivyo tangu mwanzo. Hoja zao nyingi ziliniacha baridi, hasa ile ya kwamba anayetii sheria anaadhibiwa kwa makosa ya mhalifu. Kila sheria ya usalama, hata ya mkanda wa gari, humgusa asiye na kosa. Hoja hii moja, hata hivyo, haijajibiwa mpaka leo: sheria ya 2008 haikupima hatari ya upanga, ilipima heshima yake. Kilicho cha zamani, cha jadi na cha bei kikapita. Cha bei chee kikazuiwa. Serikali ingeweza kusema wazi kwamba lengo lake ni bei, yaani kufanya upanga usiwe kitu cha kununuliwa kwa hamaki na kijana mwenye noti mbili mfukoni. Hilo ni lengo la maana, na ningelitetea. Badala yake ilisema inapambana na panga za kisamurai, halafu ikaruhusu panga za kisamurai zilizo bora.

Mwaka 2016: maneno

Agosti 2016 zamu ilikuwa ya visu vya zombi, mabisu marefu yenye makali upande mmoja na meno ya msumeno upande wa pili, yanayouzwa kwa rangi za kung’ara na michoro ya damu. Sheria ilitaka vitu vitatu kwa pamoja: makali, meno, na picha au maneno yanayoashiria kwamba kisu ni cha kufanyia ukatili.

Sitakaa sana hapa kwa kuwa matokeo yake ni mafupi. Watengenezaji waliondoa maneno. Kisu kilekile, meno yaleyale, bila maandishi ubavuni, kikawa halali, na kikabaki halali kwa miaka minane.

Wolverhampton na Hainault

Mwishoni mwa Juni 2022, mjini Wolverhampton, kijana wa miaka 16 aliuawa karibu na kwao na vijana wawili wa rika lake. Walimdhania mtu mwingine. Mmoja wa wauaji alikuwa na upanga wa aina inayoitwa ya ninja: bapa limenyooka, ncha imekatwa mshazari. Kwa kuwa haukupinda, amri ya 2008 haikuwa na neno juu yake.

Namna upanga ule ulivyopatikana ndiyo sehemu ya kisa ninayoiona nzito kuliko zote. Kijana huyo, ambaye kisheria hakuruhusiwa kuuziwa kisu cha aina yoyote isipokuwa kile kidogo cha kukunja, alikuwa amenunua silaha zaidi ya 20 mtandaoni kwa kutumia kitambulisho cha mama yake. Upanga uliotumika aliuchukua posta saa chache kabla ya mauaji. Kumbuka kwamba sheria ya 2019 ilikuwa imeweka masharti ya kupeleka vitu vyenye makali majumbani, na masharti hayo yalikuwa yameanza kutumika miezi michache tu kabla, Aprili 2022. Muuzaji wa mtandaoni alitakiwa ajue umri. Mpeleka mzigo alitakiwa aone mtu mzima. Karatasi zote zilikuwepo. Ila hapakuwa na mtu mmoja, kuanzia kwenye kompyuta hadi kwenye kaunta, aliyelazimika kulinganisha uso wa anayepokea na uso uliopo kwenye kitambulisho.

Fikiria sasa sheria inayosema ni marufuku upanga ulionyooka. Ingemzuia kijana yule kununua upanga ule. Isingemzuia kununua vile vingine ishirini.

Mama na dada wa marehemu waliendesha kampeni kwa miaka mitatu, kwanza ya kuomba panga za ninja zipigwe marufuku, kisha ya kuomba mauzo ya mtandaoni yadhibitiwe. Kwa sababu hiyo hatua zilizofuata zilipewa jina la kijana wao. Ninawaheshimu kwa jambo moja hasa: hawakuridhika na nusu ya kwanza. Wanasiasa wangeridhika.

Tarehe 30 Aprili 2024, huko Hainault, mashariki mwa London, mtu mmoja alipita mitaani asubuhi akiwa na upanga wa mtindo wa katana, yaani wa kisamurai, akamuua mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akielekea shule na kuwajeruhi watu wengine, wakiwemo polisi. Huyu alikuwa mtu mzima na upanga wake ulikuwa wa kupinda, ule ambao umekuwa kwenye orodha tangu 2008. Ukitaka kuipima ile marufuku ya kwanza kwa haki, Hainault lazima iwe kwenye mizani. Haithibitishi kwamba marufuku haina faida, kwa sababu mashambulizi yasiyotokea hayahesabiki. Inathibitisha kwamba miaka 16 baadaye panga zilikuwa zingali majumbani, na kwamba hakuna aliyejua ziko nyumba gani.

Mwaka 2024 na 2025: meno, mashimo, ncha

Tarehe 24 Septemba 2024 mabisu na mapanga ya mtindo wa zombi yalikatazwa kwa maelezo mapya, safari hii bila kutegemea maneno. Bapa liwe limezidi inchi 8, liwe na makali ya kawaida na ncha kali, na liwe na mojawapo ya haya: makali ya meno, mashimo zaidi ya moja, miiba, au ncha zaidi ya mbili. Kabla ya hapo ulitolewa mwezi mmoja wa kusalimisha, na aliyetaka fidia alipewa pauni 10 kwa kila kimoja.

Msomaji wa Morogoro au Kakamega atajiuliza kuhusu panga la shamba. Panga la kawaida la kufyekea halina mashimo wala miiba wala meno, kwa hiyo limebaki salama. Hapa waandishi wa sheria walifanya kazi nzuri kuliko wanavyosifiwa. Walitafuta alama zinazotofautisha kifaa na pambo la kutishia, wakazipata.

Kisha, tarehe 1 Agosti 2025, panga za ninja. Maelezo yake ni bapa lenye urefu wa kati ya inchi 14 na 24, lenye makali yaliyonyooka na ile ncha iliyokatwa mshazari ambayo huitwa ya mtindo wa tanto. Mwezi Julai watu walisalimisha panga zao kwenye vituo vya polisi na kwenye masanduku maalumu ya chuma. Marufuku ilipoanza, aliyekutwa nao nyumbani aliweza kufungwa hadi miezi sita, na serikali ilikwisha kupeleka bungeni muswada wa kupandisha adhabu hiyo kuwa miaka miwili.

Sambamba na hilo ndipo ikaja kazi ya kaunta. Kamanda Stephen Clayman, aliyekuwa akisimamia masuala ya visu kwa niaba ya polisi nchini, alipewa kazi mwaka 2024 ya kuchunguza mauzo ya mtandaoni. Ripoti yake ilitoka mwanzoni mwa 2025. Kutokana nayo serikali ilitangaza kwamba mnunuzi wa kisu mtandaoni atatakiwa kutoa kitambulisho chenye picha pamoja na picha yake ya wakati ule, na kuthibitishwa tena mzigo unapofika. Kwamba kifurushi hakitaachwa mlangoni wala kupewa mtu mwingine. Na kwamba muuzaji atalazimika kutoa taarifa polisi mtu anaponunua kwa wingi au kwa namna ya kutia shaka. Linganisha na Wolverhampton. Kila kipengele hapo kingemgusa yule kijana, haijalishi alikuwa ananunua upanga wa umbo gani.

Kutoka Cheltenham hadi pendekezo hilo ni miaka 25.

Kisu cha kukatia vitunguu

Wanaopinga marufuku za panga wana hoja wanayoipenda kuliko zote, nayo ni ya takwimu. England na Wales, katika mwaka ulioishia Machi 2023, watu zaidi ya 240 waliuawa kwa vitu vyenye makali. Silaha iliyotajwa mara nyingi kuliko zote ilikuwa kisu cha jikoni, katika vifo kama 100. Panga, visu vya zombi na mapanga kwa pamoja vilikuwa mbali sana nyuma. Na mashambulizi ya Southport ya Julai 2024, ambamo wasichana wadogo watatu waliuawa katika darasa la kucheza dansi, yalifanywa kwa kisu cha jikoni kilichonunuliwa mtandaoni na kijana wa miaka 17.

Takwimu hiyo ni sahihi, lakini inatumika vibaya pande zote mbili. Mpinzani wa marufuku husema: mnahangaika na panga wakati kisu kiko jikoni, kwa hiyo acheni. Haifuati. Kisu cha jikoni kinaua wengi kwa sababu kiko kila nyumba, na sehemu kubwa ya mauaji hayo hutokea majumbani, kati ya watu wanaojuana. Upanga mtaani ni tatizo lingine. Kijana anaununua ili aonekane nao, na kuonekana kwake humfanya mwenzake naye atafute. Katika soko la namna hiyo, umbo na bei vina uzito ambao havina jikoni. Kwa sababu hii mimi si mpinzani wa marufuku. Nisichokubali ni kuuzwa kwa wananchi kama dawa ya mauaji ya visu.

Upande wa pili wapo wanaotaka kwenda mbele zaidi. Mwaka 2005 madaktari wa dharura wa hospitali ya West Middlesex waliandika katika jarida la kitabibu la British Medical Journal kwamba kisu kirefu cha jikoni hakihitaji ncha kali, na kwamba ncha butu ingepunguza majeraha ya kuua. Wakati ule magazeti yaliwacheka. Januari 2025 mwigizaji Idris Elba, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amesimama mbele ya Bunge kudai visu vya zombi vipigwe marufuku, alilirudia wazo hilo la kupunguza visu vyenye ncha, na safari hii waliocheka walikuwa wachache. Linaonekana la ajabu kwa mtu anayepasua samaki kila siku. Lakini angalau linashughulika na kitu kinachoua, na ni umbo ambalo mtengenezaji hana sababu ya kulikwepa, maana hakuna anayenunua kisu cha mkate kwa ajili ya kutishia mtaa.

Harusi, dini na Japani yenyewe

Bunge lilipoijadili sheria iliyopitishwa 2019, Masingasinga walipigania kirpan, silaha yao ya kidini, na si ile ndogo ya kuvaliwa kiunoni peke yake. Panga zao kubwa zilizopinda hutumika katika ndoa, katika maandamano ya kidini na katika gatka, mchezo wao wa kivita. Tena wana desturi ya kumzawadia upanga mgeni wa heshima, awe Singasinga au asiwe. Walishinda. Sheria inawapa kinga ya wazi kuwa nazo na kuzitoa kama zawadi kwenye shughuli za kidini na za kiheshima.

Hapo nikamfikiria bwana harusi wa Lamu au Unguja, joho begani, jambia kiunoni, upanga mkononi. Jamaa zetu wengi waishio Uingereza hufunga ndoa huko kwa mavazi hayohayo. Jambia fupi linaweza kutetewa kama sehemu ya vazi la taifa, kwa mujibu wa ile sheria ya kubeba vitu vyenye makali, ambayo kwa kipengele hichohicho humwachia Mskochi kisu chake cha kwenye soksi. Upanga una hesabu nyingine. Panga za Kiomani ziko zilizonyooka zenye makali pande mbili, na ziko zilizopinda. Wa kwanza haumo kwenye amri ya 2008. Wa pili umo kama umefika sentimita 50, na mwenyewe itabidi aonyeshe kwamba ni wa miaka zaidi ya 100, au wa kabla ya 1954, au umefuliwa kwa mkono. Ndugu wawili, harusi moja, panga mbili kutoka sanduku moja la babu, na mmoja wao ana kazi ya kujieleza mbele ya polisi. Masingasinga walipata kipengele chao kwa kuwa walikuwa na wabunge na kamati ya kuwasemea. Wengine tuliobaki hatujaomba.

Na Japani? Wengi hudhani nchi ya samurai ni huru kwa panga. Serikali ya Mfalme Meiji ilikataza kubeba upanga hadharani tangu Machi 1876, isipokuwa kwa askari, polisi na maofisa wakiwa katika mavazi rasmi, na mwezi Oktoba mwaka huohuo kundi la samurai wa Kumamoto liliasi likiwa na panga dhidi ya bunduki. Leo, chini ya sheria ya 1958, upanga uliofuliwa kijadi unaweza kumilikiwa na raia, lakini lazima uwe umesajiliwa kama kazi ya sanaa. Karatasi ya usajili haiambatani na mtu, inaambatana na upanga, na ukiuzwa mmiliki mpya lazima atoe taarifa. Ule wa kiwandani wenye makali hausajiliki kabisa. Tofauti na Uingereza ni kwamba Japani hailazimiki kungoja upanga ufike mahakamani ndipo ubishaniwe kama ni wa jadi au la. Ubishi umekwisha kumalizwa na cheti.

Hata hivyo Wajapani nao wakiguswa hurudi kwenye umbo. Baada ya mauaji ya Akihabara, Tokyo, Juni 2008, walikataza kumiliki majambia yenye makali pande mbili yenye urefu wa sentimita 5.5 au zaidi. Waliotikisika ni watu wa chaza: baadhi ya visu vya kufungulia chaza vina makali pande mbili, ikabidi vibadilishwe.

Mizani

Nikiitazama safari nzima, ninaweka 2016 upande wa kushindwa bila kusitasita. Ile ya 2024 naiweka upande wa sheria iliyoandikwa kwa akili. Ya 2008 ilipandisha bei, na kupandisha bei kuna faida yake, lakini ilificha hilo nyuma ya maneno kuhusu samurai na ikajitoboa kwa kinga yake yenyewe. Ya 2025 ni sehemu mbili zisizolingana uzito: orodha ya ncha, ambayo magazeti yaliipiga picha, na kanuni za kaunta, ambazo hazipigiki picha.

Uskochi, iliyo ndani ya ufalme huohuo, ilikuwa imeonyesha njia nyingine mapema. Sheria yake ya 2007 ilimtaka anayefanya biashara ya panga na visu visivyo vya nyumbani apate leseni ya halmashauri, yenye masharti. Leseni inaweza kunyang’anywa. Mfanyabiashara anayejua hivyo humtazama mteja usoni kwa macho mengine, na hana haja ya kupima mpindo.

Kusini mwa mpaka bado wanapima. Upanga ulionyooka, wenye ncha ya mtindo wa Ulaya, si ule mshazari wa tanto, ni halali kwa mtu mzima kuununua. Ukiwa na ile ncha ya tanto lakini urefu wa bapa umezidi inchi 24, yaani ni mrefu kuliko ule uliomuua kijana wa Wolverhampton, maelezo ya Agosti 2025 hayaufikii.